Pikipiki ya Boma

Arusha, 9 Februari 1914

Dada yangu Mwanahalima,

Shikamoo. Mimi mzima, ila viganja vimechubuka hata kalamu haishikiki vizuri. Wewe na mama hamjambo huko Tanga? Mguu wa mama unaendeleaje?

Dada, hutaamini. Boma imeletewa chombo cha magurudumu mawili kama baisikeli, lakini kinakwenda chenyewe kwa mafuta na moto. Kinapiga kelele, piki-piki-piki, mpaka ng'ombe wa Ngaramtoni wamekata kamba na wenye mali wamekimbia nyuma yao. Bwana Mdachi ametuchagua matarishi wawili tujifunze, tuache kupeleka barua kwa miguu: mimi na Lerionka, Mwarusha wa hapa hapa, ninayelala naye chumba kimoja. Unakisukuma huku unakimbia, kikiwaka ndipo unaruka juu. Leo nimeruka, chenyewe kikaenda, mimi nikabaki.

Wasalimie wote.

Mdogo wako,
Hatibu

Tanga, 2 Machi 1914

Mdogo wangu Hatibu,

Marahaba. Sisi wazima, na mguu wa mama umepoa. Nilimsomea barua yako, akaniambia nirudie pale pa moto. "Huo moto uko wapi?" Nikamwambia nionavyo mimi, uko katikati ya miguu ya mwanao. Mama ameshika kichwa, tangu jana hajakiachia.

Wewe, hukuwaambia kuwa una mama? Hata punda wa mjomba ulimwogopa! Kama lazima ujifunze, jifunze polepole, na huyo Lerionka akutangulie.

Dada yako,
Mwanahalima

Tanga, 20 Aprili 1914

Hatibu,

Hujambo? Nijibu hilo kwanza. Mchukuzi mmoja ameteremka kwa treni kutoka Moshi, anasema mwanafunzi wa pikipiki amekufa Arusha. Jina halijui. Mama hali chakula. Andika hata neno moja.

Dada yako

Arusha, 11 Mei 1914

Dada yangu,

Shikamoo. Niko hai. Mwambie mama ale.

Aliyekufa ni Lerionka. Tulikuwa tunafundishwa kushuka mteremko wa Mto Themi, na breki ilikuwa imelegea tangu asubuhi. Lerionka akamwambia Bwana, "Haishiki." Bwana akamuuliza, "Unaogopa?" na kiboko kiko mkononi. Lerionka akanitazama, akapanda. Nikasikia mlio ukishuka, ukishuka, kisha nikasikia maji tu.

Tulimkuta kwenye mawe, hana pumzi. Bwana akavua kofia, akapiga magoti. Nikadhani anamwombea. Kumbe anatazama gurudumu.

Walipokwisha kuitengeneza pikipiki, nikaitwa uwanjani. "Zamu yako."

Nikasema, "Sipandi."

Dada, mimi mwenyewe nilishtuka kusikia sauti yangu. Askari wote waliganda. Nilichapwa, nikatiwa mnyororo, ndiyo maana hamkupata barua. Sasa nimefukuzwa kazi.

Nilipofunguliwa nilipanda mlimani kwa Nosim, mama yake Lerionka. Nilijua atanifukuza, mimi niliyerudi mzima. Nikamweleza yote, la breki na la kiboko. Akauliza:

"Alipokuwa juu ya kitu hicho, alifurahi?"

Nilijiandaa kwa kila swali, si hilo. Nikamwambia, "Alifurahi, mama. Siku ya kwanza alipokata kona bila kuanguka, aliachia mkono mmoja akaupunga juu, akapiga ukelele kama yuko kwenye ngoma ya morani. Wafungwa waliokuwa wakichota maji waliweka ndoo chini, wakamshangilia."

Nosim hakulia. Alinisogezea kibuyu cha maziwa, akaketi karibu yangu, magoti yake yakagusa yangu.

"Niambie tena," akasema.

Nikamwambia tena.

Mdogo wako,
Hatibu