Mtendaji Asiyetembelewa

Rungwa, 12 Machi 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo Kiomboi, na mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima. Naandika barua kwa sababu mtandao huku ni wa kupanda kilimani, na pale juu kila mwenye simu anasikia habari zako. Hii utaletewa na kondakta wa basi.

Nimesharipoti, mimi ndiye Afisa Mtendaji wa Kijiji. Nina ofisi, muhuri na kiti kinachoyumba. Siku ya kwanza Bibi Dina, mrina asali, aliniletea ndoo ndogo ya asali mbele ya watu. Nikakumbuka semina ya maadili: mtumishi asipokee zawadi. Nikamshukuru, nikamrudishia. Nilijiona nimeanza kazi vizuri.

Tangu siku hiyo hakuna anayekuja. Wakinisalimia ni barabarani tu. Niliitisha mkutano wa kijiji, akaja mwenyekiti, Mzee Miraji, na mbwa wake. Upweke huu sikuujua hata mama alipofariki, maana wakati ule tulikuwa wawili.

Binti yako,
Eliana

Kiomboi, 2 Aprili 2023

Mwanangu Eliana,

Marahaba. Mgongo upo, kila asubuhi unanisalimia kabla ya majirani. Alizeti imesimama vizuri.

Hivi huko chuoni walikufundisha nini? Kumrudishia mtu chakula hadharani ni kumwambia ametia sumu. Wewe umesema maadili, wao wamesikia uchawi. Hata hapa kwetu ungenuniwa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe umekuja, mwenyeji akaugua.

Lakini usihangaike. Clement, mtendaji wa kijiji cha jirani hapa, kwao ni Itigi na anatafuta kurudi upande huo. Yuko tayari mbadilishane vituo. Najua mwajiriwa mpya hahamishwi ovyo, ila yeye anasema wawili wakikubaliana inawezekana. Sema tu, nimwambie. Rudi nyumbani, mwanangu.

Baba yako,
Hezekia

Rungwa, 23 Aprili 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi nimelala na homa wiki nzima na mlango haukugongwa. Sasa nimepona.

Mwambie Clement nimekubali. Ila kabla sijaondoka nitakwenda kwa Bibi Dina. Sitaki kumwachia jina la mchawi.

Binti yako,
Eliana

Rungwa, 14 Mei 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Vipi hali yako, na mavuno yameanza?

Nilikwenda. Nilimkuta Bibi Dina anachuja asali na majirani zake, hakunikaribisha kiti. Nikachuchumaa, nikamwomba radhi, kisha nikaomba asali nikaila palepale kwa mkono, wote wakiangalia. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Kumbe na wewe unakula," akasema. "Ulipougua nani alikupikia uji?"

Kumbe walijua. Nikamwambia hakuna.

"Tuliogopa. Tungeleta, ungerudisha tena."

Nililia mbele yao, baba, mimi mtendaji mzima.

Siku hizi wanakuja. Wawili wamegombania mpaka wa shamba hadi nikaumwa kichwa. Jioni wanarudi kwao, nami nabaki peke yangu kama zamani. Nakukumbuka sana. Lakini nikiondoka sasa watasema nilikula asali ya yule bibi nikakimbia, na safari hii hakuna atakayemsafisha. Naomba umwambie Clement nimeghairi. Nisamehe.

Binti yako,
Eliana

Kiomboi, 11 Juni 2023

Mwanangu Eliana,

Marahaba. Mimi ni mzima, mgongo kama ulivyouacha. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mavuno, na kwa sababu sikutaka kujibu.

Clement nilimwambia siku ileile nilipopata barua yako ya kukubali. Nilikwenda kwake nimevaa viatu vya kanisani. Ikabidi nirudi kumwambia atafute mwingine. Amenuna, yatamwisha. Mimi pia nimenuna, kwa hiyo usiniulize naendeleaje.

Umefanya sawa. Mama yako angefanya hivyohivyo, na mimi ningebishana naye.

Chumba chako nilikuwa nimekipiga lipu na kukipaka chokaa. Jana nimekijaza magunia ya alizeti mpaka mlangoni, ili niache kukifungua kila jioni.

Baba yako,
Hezekia