Picha Iliyoshuka Polepole

Mdogo wangu mpendwa,

Salaam nyingi. U mzima? Sisi Mungu ametushika, ni magoti tu ya Mama.

Kompyuta uliyotuletea ilitutesa. Kila ulipotuma picha, modemu, kile kidude cha kuunganisha kompyuta na simu, ililia weee, kisha kioo kikaandika kwamba data zimefurika, na simu ikakatika. Fundi alikuja akacheka: "Dada, modemu inamimina kwa ndoo, kompyuta yako inapokea kwa kijiko!" Akapunguza kasi ya data kwenye tundu linalounganisha modemu na kompyuta.

Jana picha yako ikafika, ikishuka kidogo kidogo kutoka juu. Mama akavaa miwani. Ukatokea utosi, kisha uso, Mama akamshukuru Mungu. Halafu akatokea mwanamke ameegemea bega lako. Chini kabisa watoto wawili wenye macho yako, mkubwa ameshang'oka meno ya mbele.

"Wa nani hawa?"

"Mashine imekosea tena, Mama."

"Mashine haizai."

Kumbe miaka yote hii tunafunga na kukuombea upate mke! Nawe umeona picha ikusemee.

Nina uchungu, sikufichi. Ila Mama ameanza kuwaombea, na hajui awaite nani. Tafadhali nijibu upesi, kwa karatasi, uniandikie majina yao.

Dada yako