Mama Alipopanda Jukwaani Kibiti

Dar es Salaam, 3 Agosti 2025

Shikamoo mama. Mgongo wa baba unaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi imenibana. Tunaandaa tamasha Kibiti, Jumamosi ya tarehe 23: joto la dunia, vita vya mbali, bei ya mafuta, na jinsi hayo yote yanavyotufikia Watanzania. Nataka uwaeleze wageni maji ya chumvi yalivyoua mpunga wetu. Usikatae, mama.

Mwanao, Twalibu

Salale, 9 Agosti

Marahaba mwanangu. Hatujambo, ila baba yako bado anainama kwa shida. Mimi na vipaza sauti wapi na wapi! Lakini nitakuja, maana miaka sijakuona uso. Nina neno la kukwambia, si la kuandika. Tukae tule pamoja.

Mama yako

Dar es Salaam, 14 Septemba

Shikamoo mama. Mnaendeleaje huko? Nimechelewa kuandika, najua. Ulisema vizuri mno! Ulipowaambia, "Mpunga wangu haujui Ulaya iko wapi, lakini moshi wa huko umeuua," watu wote walisimama. Mimi nilikuwa nakimbizana na mgeni rasmi. Nilipokuja kukutafuta, Muhidini dereva akaniambia, "Mama kasubiri wee, kaondoka, boti ingemwacha." Sahani yako nikaikuta haijaguswa. Nisamehe. Neno lenyewe lilikuwa nini?

Mwanao, Twalibu

Salale, 16 Septemba

Marahaba. Wazima, alhamdulillahi. Neno ni la marehemu dada yako Subira. Bahari imefika makaburini. Shehe kasema yafaa kumhamisha, tukamzike upya Mchukwi kwa mjomba wako, nasi tuhamie huko. Majirani walijitolea, baba yako kakataa: "Atainuliwa na kaka yake." Njoo kabla mwezi haujawa mpevu, maana maji ya bamvua safari hii yatajaa kupita kiasi.

Mama yako

Dar es Salaam, 4 Oktoba

Shikamoo mama. Poleni. Namalizia ripoti ya tamasha, wafadhili wananisukuma. Nakuja Ijumaa, inshallah. Mwambie baba anisubiri.

Twalibu

Salale, 8 Oktoba

Twalibu mwanangu, sisi wazima. Bamvua imekuja jana. Maji yalipokupwa, baba yako alikwenda makaburini na jembe, akarudi nalo safi. Hakuona pa kuchimba. Najilaumu mimi, tungewakubali majirani. Siku ile Kibiti ningekushika mkono mbele ya mgeni wako nikakwambia palepale, ila niliona haya.

Ijumaa njoo tu. Baba yako hataki tena kuhamia Mchukwi, anasema hawezi kumwacha mtoto peke yake. Tutamsomea dua pale tunapokisia alikuwa.

Mama yako