Nilikuvalisha Gauni Jeusi

Mama Odilia,

Sikusalimii. Ungekuwa hai ungesema, "Weye, hata salamu imekushinda?" Ndiyo, imenishinda. Tangu tukuzike, miezi saba sasa, nimeianza barua hii mara nne, na kila mara ni salamu inayonikwamisha. Leo nimeiruka. Nimekaa kwenye kiti chako, chumba cha mbele, hapa hapa mtaani kwetu La Rochelle, cherehani yako iko mbele ya magoti yangu, ile uliyozoea kuniona nikiitamani.

Nianze na habari. Cherehani inakata uzi kila siku, inamtaka mwenyewe. Wateja walipungua, kisha wakarudi. Wamama wa parokia wamechagua kiongozi mwingine, mama mpole wa kutoka Lubumbashi, anavaa anachotaka na hakuna anayemwogopa. Mikutano sasa ina kelele na vicheko. Jina lako halitajwi sana. Nakuambia hivyo kwa sababu najua litakuuma.

Unaikumbuka picha yako, ile ya ukutani juu ya meza ya kukatia? Malkia wa Ulaya, Mkatoliki, amesimama mbele ya Baba Mtakatifu, mweupe kuanzia mtandio wa lesi mpaka viatu. Kila mteja aliyeingia alisomeshwa. Ulikuwa unamwonyesha kwa ncha ya mkasi: mbele ya Papa wanawake wanavaa nyeusi, mikono mirefu, kichwa kimefunikwa. Mke wa rais, nyeusi. Malkia wa dini nyingine, nyeusi. Nyeupe ni ya malkia Mkatoliki tu. Kisha unaushusha mkasi na kusema, "Damu haishonwi, weye." Na hapo ndipo mteja alipoambiwa kwamba wewe ni binti wa mwami, mfalme wa milima ya kule kwetu Kivu, tumbo la mke wa nne. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyewahi kubisha.

Balozi wa Papa alipokuja kutembelea parokia yetu, uliamuru wamama wote tuvae nyeusi. Ukatushonea mwenyewe, mikono mpaka kwenye viganja, katikati ya joto la Januari. Wewe peke yako ukavaa jeupe. Tulikuwa kunguru arobaini na yangeyange mmoja. Balozi alikupa mkono, akatabasamu, akapita, wala sidhani kama alielewa kitu. Mimi nilikupigia makofi mpaka viganja vikawaka.

Ndiyo, nilikupenda. Sitakudanganya kwenye karatasi. Ulinitoa Hillbrow, ghorofa ya kumi na moja, lifti imekufa, nina mimba ya miezi sita na begi moja. Baba wa mtoto alishaniambia anakwenda kununua mkate. Ulinipa kitanda, ukanipa mkasi, ukanifundisha kupiga pindo lisiloonekana. Neema alizaliwa mikononi mwako. Alikuita Gogo, kama watoto wa huku wanavyowaita bibi zao, nawe ukajifanya kuchukia. Lakini miaka yote ile hukuwahi kuniita Mama Neema. Uliniita weye.

Halafu ikaja komunyo ya kwanza ya Neema, mwaka 2017. Alikuwa na miaka kumi. Parokia ilikupa magauni kumi na mawili ya wasichana uyashone. Kumi na moja tuliyakata pamoja kwenye kitambaa cheupe. La kumi na mbili ulilikata peke yako, ukaniwekea mapajani nipige pindo. Rangi ya chai ya maziwa. Nikauliza la nani. Ukasema bila hata kuinua macho, "La wako. Mama yake hakuolewa. Nyeupe haiko ya kila mutu."

Nami nikapiga pindo. Mungu wangu. Nilikuwa nalala kwako, nakula kwako, mdomo ningeupata wapi? Na kazi sikuilipua hata kidogo. Nilishona mishono midogo midogo, safi, kama ulivyonifundisha. Hilo ndilo nisilolisamehe, na bado sijajua kama ni wewe nisiyekusamehe au ni mimi mwenyewe.

Alipanga mstari na wenzake, weupe kumi na mmoja na yeye. Wazazi walipiga picha, na mama mmoja akamsogeza pembeni taratibu ili asiiharibu. Tulirudi kwa miguu. Kwenye robot, tukingoja taa iwe ya kijani, alikuvuta mkono. Aliuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, hakisemi: "Gogo, nimefanya nini?" Ukamjibu, "Hujafanya kitu. Ni sheria." Taa ikawaka, tukavuka.

Ulipoanguka, upande mmoja ukafa, mdomo ukaenda kombo. Wiki sita nilikuogesha, nikakulisha uji kwa kijiko cha Neema cha utotoni. Wamama wako wa parokia walikuja mara mbili, wakasali haraka haraka, wakaondoka. Siku moja ukanishika mkono kwa ule uliobaki na nguvu. Maneno yalikutoka kwa shida, lakini niliyaelewa yote. Gauni lako jeupe liko sandukuni. Ukifa nikuvalishe mimi, si mwingine. Niape. Nikaapa, na niliapa kwa moyo wangu wote.

Ulikufa Jumanne asubuhi. Nilikulilia sana, majirani walisikia. Kisha nikafungua sanduku, nikalitoa gauni, nikalipiga pasi. Nikawaza nichukue na picha yako ya malkia, niiweke kwenye jeneza, karibu na mikono yako. Nikachomoa pini.

Picha ilikuwa imekunjwa, Mama Odilia. Ukingo wa kushoto ulikuwa umegeuziwa nyuma, na mkunjo umepigwa pasi kabisa, kama mkunjo wa suruali ya bwana harusi. Nikaukunjua. Nyuma ya malkia amesimama binti yake. Gauni jeusi mpaka kwenye kifundo cha mguu, mtandio mweusi. Chini yake, hapo hapo palipofichwa, wameandika kwa Kifaransa: malkia na binti yake, binti wa mfalme. Nyeupe ni ya mke wa mfalme. Binti anavaa nyeusi kama mimi.

Ulijua. Ulisoma Kifaransa kwa masista, ulijua tangu siku uliyoikata ile picha gazetini. Binti wa mwami, tumbo la mke wa nne, kwa sheria yako mwenyewe ulikuwa wa nyeusi. Ukamkunja yule msichana, ukampiga pasi, halafu ukamkatia mwanangu rangi ya chai. Eish! Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu, na wewe hata hujapoa bado.

Gauni jeupe nikalirudisha sandukuni. Nikachukua langu jeusi, lile ulilonishonea siku ya balozi. Kule chumba cha maiti wamama walishangaa, wakauliza jeupe liko wapi, maana wote walikujua. Nikaikunjua picha mbele yao. Nikasema, "Ni yeye aliyetufundisha." Mmoja alifunika mdomo, nadhani alikuwa anacheka. Hakuna aliyekutetea, hata mmoja. Nilitaka ulijue hilo.

Nikakuvalisha. Nimewaambia watu nilifuata sheria. Wewe nikuambie ukweli: nilikulipizia kisasi. Vifungo kumi na vitatu nilivifunga polepole, kimoja kimoja, nikiutazama uso wako, na kila kimoja kilikuwa kitamu. Ulikuwa umekonda, gauni likakupwaya kwenye mabega. Sikulipunguza.

Kanisani walifungua jeneza watu wakuage. Neema alipanda kwenye ukingo wa benchi ili akuone. Alikutazama muda mrefu. Kisha akageuka, sauti yake ikasikika mpaka kwa kwaya: "Mama, kwa nini Gogo ana nyeusi? Aliniambia atavaa nyeupe. Amefanya nini?"

Nikafungua mdomo, na uliyetoka ni wewe. "Hajafanya kitu. Ni sheria." Maneno yale yale, mpaka na sauti. Neema aliuachia mkono wangu. Akaenda kusimama na watoto wa wengine, na kaburini hakutaka nimshike.

Mwezi uliopita alikuwa na kipaimara. Nikalitoa gauni lako jeupe nimkatie yeye, nikasema sasa hapo deni la mwanangu limelipwa, na habari za ufalme zizikwe. Nilimsimamisha kwenye stuli, pini mdomoni, kitambaa kimemwangukia mpaka miguuni. Mama, alipendeza! Akajitazama kwenye kioo, kisha akalivua mwenyewe, akalikunja, akalirudisha sandukuni. Akasema ni la Gogo. Akasema nimshonee la rangi ya chai, kama lile la kwanza.

Nikamshonea. Wenzake wote walikuwa weupe. Alipita kati ya mabenchi kichwa juu, na mimi nilikuwa nimekaa ukingoni kabisa, njia anayopita, na hakunitazama. Sijui amejifunza kwa nani ukatili wa namna hiyo. Tulikuwa wawili tu wa kumfundisha.

Basi, Mama, nakuaga. Sitakuomba msamaha, nawe usiniombe. Tukikutana huko tutanyamaziana kwanza. Gauni lako liko sandukuni, sitalikata, sitalivaa, sitaliuza. Kiapo cha kwanza nilikivunja, hiki nitakitimiza: halitavaliwa na mtu. Picha nimeirudisha ukutani ikiwa wazi, na binti wa mfalme sasa anaonekana na kila mteja anayeingia.

Na jana, Neema akiwa mezani na daftari zake, nilimwambia kwamba siku yangu ikifika anivalishe nyeusi. Nikasimama pale, nikangoja aniulize nimefanya nini. Akasema, "Sharp," sawa tu kwa maneno ya watoto wa huku, akaendelea kuandika.

Mimi,
weye wako.