Katani za Kaka Zangu

Jumamosi. Jua kali, upepo wa ziwa umegoma kabisa, mgongo unaniuma na nina furaha mpaka naona aibu.

Tumeshinda!

Kwetu Bugwema kijana akioa, Baba anamkatia kipande cha shamba. Kaka zangu watatu walishakatiwa, na kila mmoja akapanda katani kuzunguka chake, akachonga na njia yake ya ng'ombe kwenda kwenye maji. Sasa Majura, kitinda mimba wetu, anataka kuoa. Kilichobaki ni kichaka cha chemchemi tu. Kaka mkubwa, Magesa, alishanoa panga akifyeke. Mila ni mila, anasemaga.

Mimi nikawa silali. Kichaka kikiondoka, chemchemi inakauka, na pale ndipo Mama anachota, ndipo ng'ombe wote wanakunywa.

Mimi ni binti, nimeolewa Kamunyonge, sina hata tuta pale. Nilikuwaga naumia. Leo nimeshukuru, maana hakuna aliyeweza kusema nakitamani kichaka kiwe changu.

Asubuhi nimewatembeza ndugu zangu wote mpakani, jua likituchoma.

"Kaka Magesa, katani zote hizi, na njia tatu za ng'ombe wanaokwenda kunywa maji yale yale. Huku kote nani anavuna?"

Akakohoa. Magesa anakohoaga akishikwa.

Majura akadakia, "Basi mimi nipeni hapo kwenye katani. Mbaki na njia moja. Kichaka sikitaki."

Mara Magesa akashusha panga kwenye katani yake mwenyewe. Jamani, nililia! Mpaka jioni tumeng'oa, tumechomwa miiba, tumecheka. Majura atapata shamba la kutosha mahindi na mihogo, na kichaka kimesimama.

Tulipokaa kula ugali, Magesa akauliza, "Na watoto wetu wakioa, tutang'oa nini?"

Mkewe, wifi yangu mpole kuliko wote, hakuinua hata macho kwenye sahani.

"Ndiyo maana mimi nilishakwenda zahanati, Baba Nyangeta. Nimefunga kizazi. Hawa tulionao wanatosha."

Magesa akakohoa mpaka akapaliwa. Nikampigapiga mgongoni, huku nacheka machozi yakinitoka. Alipopata pumzi akamwongezea mkewe samaki kwenye sahani.

Niumwe tu mgongo. Kesho baada ya kanisa narudi kumalizia visiki.