Vizibao Visivyogeuka

Jumatatu, 9 Juni
Nimeharibu. Vizibao vinane kati ya ishirini vya harusi — vinane! — nimevishona na bitana pande zote bila kuacha mwanya wa kugeuzia. Hata wa upana wa kiganja! Fundi yeyote anajua: acha mwanya ubavuni, vuta nguo yote ipite hapo, ndipo uzibe. Mimi nilikuwa na earphone, somo la nne la topolojia, hesabu ya maumbo, simu ndani ya droo ya cherehani.

Mutisya, fundi tunayekaa bega kwa bega, alicheka mpaka akashika meza. Eti profesa amejifungia nje. Mama Hibaq, mwenye duka, hakucheka. Alichukua earphone akazitia mkobani mwake. Nimefumua mpaka vidole vinauma.

Jumanne, 10 Juni
Saa ya lunch. Wenzangu wameenda kula. Mimi niko juu ya marobota ya kitambaa, video haina sauti, nasoma maandishi ya chini. Mwalimu anasema mpira ukiutoboa tundu moja, unaweza kuutandaza ukawa bapa. Nikacheka peke yangu. Si ndiyo kazi yangu hiyo, nguo nzima kwa tundu moja? (Kizibao kina matundu ya mikono pia, najua. Hilo ni somo la tano.) Miaka kumi na tisa nageuza nguo Eastleigh, hakuna aliyewahi kuniambia hii ni hesabu!

Jumatano, 11 Juni
Nimemwambia Mama Hibaq. Jumamosi saa tatu kuna mtihani wa watu wazima wanaotaka kuingia darasa la hesabu chuoni. Ni mara moja kwa mwaka. Akasema Jumamosi ndiyo harusi, vizibao vinachukuliwa saa sita. Nikienda, nisirudi. Halafu akauliza, kwa miaka yangu arobaini na tatu, hesabu nitamshonea nani.

Nina hasira! Nilitolewa shule kidato cha pili nikiwa wa kwanza kwa hesabu, kaka yangu akabaki. Siku ile nilinyamaza. Sinyamazi tena.

Alhamisi, 12 Juni
Determinant, namba moja inayotolewa kwenye jedwali la namba. Video moja mara sita. Sielewi. Sielewi!

Ijumaa, 13 Juni
Nimeelewa, tena nikiwa na pasi mkononi! Determinant ikiwa sifuri, kitu kimelazwa bapa na hakiinuki tena. Nilipiga kelele, mteja akashtuka.

Vizibao kumi na vinane tayari. Viwili vya mwisho amevichukua Mutisya avishone. Nenda, mama, akasema, lakini ukianguka tutakucheka mpaka Krismasi. Mama Hibaq hakuniaga.

Jumamosi, 14 Juni
Niko kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani. Wenzangu wote ni vijana wa miaka ishirini hivi. Mmoja ameniuliza kama nimemleta mtoto. Nimemwambia nimejileta.

Saa tatu kasorobo, simu. Mama Hibaq, sauti juu. Mutisya amevishona vile viwili pande zote, havigeuki. Mwenye harusi amebadili saa, yuko njiani tayari. Nirudi sasa hivi na kazi yangu ipo.

Mutisya! Asiyejua topolojia ni mboga gani! Nimemuuliza Mama Hibaq, huyu naye alikuwa anasikiliza somo la ngapi? Mutisya anakohoa huko nyuma.

Nimemwambia sirudi. Wafumue ubavuni, upana wa kiganja, wavute, wazibe. Dakika ishirini. Nikitoka nitapita kuchukua earphone zangu.

Hajakata. Naandika simu ikiwa begani. Anauliza, polepole, ubavu upi — wa kulia au wa kushoto?

Mlango umefunguliwa. Wanasema simu zizimwe.

Wowote, nimemwambia. Popote panapopita mkono panatosha.

Wameita jina langu. Mama Hibaq bado anauliza kwa nini popote —