Ukurasa wa Walio Hai

Machakos, Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla Rehema hajafika kwenye nukta. Rehema, mtoto wa kaka yangu, msomee nyanya yako polepole wala usiruke maneno, kwa haraka zako nakujua. Mama, goti limepoa? Yale mafuta niliyompa Kaka Juma akuletee uliyapaka, au umeyaweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni? Na ule mnazi ulioegemea choo, mmeukata au mnangoja uanguke wenyewe? Mimi huku ni mzima, ila baridi imenipasua midomo.

Mwezi uliopita uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu iko chini, nami nikasema ni mafua. Nilikudanganya. Mhariri wetu, Bwana Mutiso, alikuwa ametuita akatuambia kwamba gazeti letu linasomwa na wazee, na wazee wanapungua. Tusipopata vijana na watu wenye watoto kufikia shule zitakapofungwa mwisho wa mwaka, tutaacha kuchapisha. Maana yake mimi nirudi Msambweni na begi langu. Najua hapo umetabasamu. Lakini kazi hii naipenda, mama, na nilitaka sana kujua hao wasomaji wamekwenda wapi.

Kazi yenyewe unaijua nusu tu, maana nilichelea utaniombea dua. Huwa naandika tanzia. Kwetu mtu hufariki asubuhi akazikwa alasiri, hata gazeti lingetaka lisingewahi. Huku mazishi husubiri wiki au zaidi, na familia huja ofisini na picha na orodha ndefu: mama wa fulani na fulani, nyanya wa fulani, dada wa fulani, mkwe wa fulani, mpaka vitukuu. Likisahauliwa jina moja, mwenye jina huja mwenyewe amenuna. Miaka mitatu nimeishi na ile fremu nyeusi inayozungushiwa kila tanzia mpaka naiota.

Basi nikaanza kuuliza watu. Mlolongo, pale malori yanapopimwa uzito kwenye barabara ya kuja huko kwetu, nilimkuta kijana anaitwa Kyalo akichomelea mageti. Nikamwuliza kama huwa anasoma gazeti letu. Akavua miwani yake taratibu.

"Hiyo ni gazeti ya mabudaa, ya wazee, madam. Ni wanasiasa na kesi za mashamba. Mimi niko na simu."

"Hujawahi kulinunua hata siku moja?"

"Mara moja tu. Wakati babu alikufa. Nilikuwa nataka kuona kama wameniweka."

"Walikuweka?"

"Waliniweka. Susu alikata hiyo karatasi akabandika kwa ukuta. Hata saa hii bado iko."

Susu ni nyanya kwa Kikamba. Jibu lake lilinikaa kichwani siku nzima. Kijana aliyesema gazeti si lake alikuwa amelitafuta siku ile alipodhani jina lake limo. Nikamrudia, nikamwomba anielekeze kwa susu yake huko Katelembo, na Jumamosi nikaenda.

Susu Ndinda nilimkuta ameketi juu ya gunia anachambua mbaazi. Mbaazi zilezile zetu, mama, ila wao huzipika na mahindi yaliyokobolewa, na nazi hawaitii kabisa. Nilimweleza habari za tui akanionea huruma. Ukutani ile tanzia ya mumewe imeshageuka rangi ya chai. Mjukuu wake mwingine, Mwende, msichana wa miaka kumi anayeishi naye, alinionyesha jina lake kwa kidole, la pili kutoka mwisho. Kisha akaniuliza kwa utulivu kabisa:

"Kwani mpaka mtu akufe ndio muandike majina yetu?"

Nikampa kalamu. Nikamwambia amwulize susu chochote anachotaka kujua, ayaandike majibu, nami nitayapeleka gazetini. Nilidhani atauliza mambo ya shule. Yeye akauliza susu alikuwa akiogopa nini alipokuwa mtoto. Kinyonga, akasema susu, na mpaka leo akimwona hubadili njia. Akauliza kama aliwahi kukosa adabu. Susu akacheka peke yake kidogo, halafu akasema aliwahi kuiba baiskeli ya kaka yake akaiendesha hadi Machakos mjini, enzi ambazo mwanamke kupanda baiskeli ilikuwa aibu. Aliporudi akachapwa. Kesho yake akaiiba tena. Mwende aliacha kuandika, akabaki kumtazama nyanya yake kama ndiyo kwanza wanakutana.

Bwana Mutiso alinipa nusu ukurasa. Nikaupanga mwenyewe: picha ya susu katikati, maneno ya Mwende chini yake, na kwa kuwa nimeshajua watu hutafuta majina yao, nikaongeza orodha. Mama wa fulani, nyanya wa fulani, dada wa fulani. Mkono ulikwenda wenyewe. Mama, niliuzungushia ukurasa na ile fremu nyeusi. Nikaupitia ukurasa mara tatu na sikuona kosa.

Gazeti hutoka Ijumaa. Jumamosi saa tatu asubuhi Bwana Mutiso akanipigia simu. "Zuhura, umeua mama ya watu. Vaa viatu, nakuja na gari."

Tulikuta boma limejaa. Kina mama wa kanisa wamekuja na mahindi, maharagwe na masufuria makubwa ya kupikia wafiwa, na wanaume wameshaanza kufunga turubai. Katikati yao Susu Ndinda amesimama na ungo wake, anasalimia mmoja mmoja. Kyalo alikuwa ameketi chini kando ya pikipiki, macho yamevimba. Alikuwa ametumiwa picha ya ukurasa kwenye simu. Aliona uso wa susu na fremu, hakusoma zaidi.

"Nimelia kutoka Mlolongo mpaka hapa," akaniambia. "Na madam, mimi nilimuona mwisho Krismasi."

Nilimwendea susu nikamshika mikono nikaomba radhi, nikijua kazi imekwisha hata kabla ya mwisho wa mwaka. Akanitazama, akayatazama yale masufuria.

"Chakula imeshafika," akasema. "Pikeni. Ile ya kufa yangu mimi singekula."

Basi wakapika. Mahindi yakiwa yanachemka, Kyalo akalichukua gazeti akasoma maneno ya Mwende kwa sauti. Alipofika kwenye baiskeli akamgeukia nyanya yake. "Susu, hii ni ukweli?" Na susu akaanza kuhadithia upya, mara hii pamoja na alivyoanguka darajani, jambo ambalo hakumwambia Mwende. Wale vijana waliokuja kupanga mazishi waliketi chini ya turubai wakimwuliza maswali mpaka jua likateremka.

Jumatatu nilikuta watu mlangoni pa ofisi, wengine na watoto wameshika daftari. Kila mmoja alisema hivyohivyo: na sisi tuko na susu, lakini muondoe hiyo laini nyeusi. Muuza magazeti wa stendi aliomba aongezewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Bwana Mutiso, ambaye hajui kusifu mtu, aliniambia mwaka ujao tutachapisha, ukurasa huo ni wangu, fremu itakuwa ya kijani, na ataikagua yeye. Kama vijana watabaki sijui. Kyalo ananiambia atanunua zile wiki tu atakapomjua mtu aliyemo. Hilo nalo nataka kulielewa. Ila sirudi na begi, mama. Nisamehe.

Sasa nikwambie kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nilipomwona Kyalo pale chini, nilijiona mimi. Baba alipofariki mlimzika alasiri, mimi nikiwa bado njiani, Mariakani. Silaumu, ndiyo dini yetu. Lakini baadaye nilipoketi niandike habari zake ili moyo utulie, mstari wa pili ulinishinda. Nimeuliza habari za babu na nyanya za watu huku, na baba yangu mwenyewe sikuwahi kumwuliza kitu. Inaniuma mpaka leo.

Nisalimie Kaka Juma na mkewe, shangazi wa maandazi, maalimu aliyenifundisha kusoma, na jirani yetu anayefuga bata. Mwambie bado nawasikia.

Rehema, hapa simama. Usimwache nyanya yako ainuke kwenda kuangalia chungu. Chukua kalamu. Mwulize alikuwa akiogopa nini alipokuwa na umri wako, na aliwahi kukosa adabu gani. Andika kama anavyosema. Akikataa, andika kwamba amekataa. Kisha unitumie hiyo karatasi. Mimi ni mwanawe, nina miaka thelathini na minne, na sijui jibu hata moja.

Wako akupendaye,
Zuhura